Savant, Retrosheet au mashine yako mwenyewe: data za besiboli ni za nani, na wewe uchukue zipi?

Dada yangu anaishi Ohio, na mwanawe wa miaka 16 ni mrushaji katika timu ya besiboli ya shule yao. Mwaka jana walilipia saa moja katika kituo cha mazoezi chenye mashine ya kupima mpira: umekwenda kwa kasi gani, umezunguka mara ngapi kwa dakika, umepinda kiasi gani kabla ya kumfikia mpigaji. Walitoka na karatasi moja yenye michoro ya kupendeza. Wiki iliyofuata dada akaomba faili lenyewe, mrusho kwa mrusho, ili kocha wa shule alipitie. Akajibiwa kwamba data ni mali ya kituo.

Akanipigia usiku. "Kaka, mpira karusha mwanangu, mkono ni wake, hela nimetoa mimi. Hizo namba zimekuwaje zao?"

Sikuwa na jibu la kumtuliza. Miaka kadhaa sasa najifunzia takwimu kwa kutumia data za besiboli, na swali lake ndilo linalosumbua mchezo huo kuanzia viwanja vya shule hadi kwa wachezaji wanaolipwa mamilioni ya dola. Nikaanza kumwandikia maelezo, yakawa marefu, yakawa haya. Nayaweka hapa kwa ajili ya mzazi kama yeye, kwa mwanafunzi wa takwimu anayetafuta data za kufanyia kazi, kwa mwandishi wa michezo, na kwa mwenye wazo la kutengeneza programu. Nitazilinganisha njia nne za kupata data hizo. Wengi huzilinganisha kwa wingi wa namba. Mimi natumia kipimo kingine: unazishika kwa ruhusa ya nani, na ruhusa hiyo ikiondolewa kesho unabaki na nini mkononi.

Kamera ni za nani

Ligi kuu ya Marekani, MLB, ina klabu 30 na michezo 2,430 katika msimu wa kawaida. Kila mrusho, na kwa mwaka ni zaidi ya 700,000, hupimwa na mfumo unaoitwa Statcast. Mfumo huo ulienea viwanja vyote mwaka 2015, ukichanganya kamera na rada ya TrackMan, kampuni ya Denmark iliyoanzia kwenye gofu. Mwaka 2020 ligi ikahamia Hawk-Eye ya Sony, mfumo uleule ambao watazamaji wa tenisi na kriketi wanaujua kwa kuamua kama mpira umetoka au haukutoka. Kamera ni 12 kwa kila uwanja, na tangu 2023 zile zinazofuatilia gongo hunasa fremu 300 kwa sekunde. Zinaona mpira, zinaona gongo, na zinaona maungo ya kila aliye uwanjani: bega, kiwiko, nyonga, goti, fremu kwa fremu.

Data hizo hushuka kwa ngazi. Ghafi yote inaingia kwa ligi. Ligi huzigawia klabu zote 30 sawasawa, kila klabu ikaona viwanja vyote. Chini yao wanapata wenye mikataba ya biashara, hasa watangazaji na kampuni za kubeti. Mwisho kabisa tuko sisi, umma, tunaopata kile ambacho ligi imeamua kukipika na kukipakua mezani.

Pembeni ya ngazi hiyo kila klabu ina ghala lake. Kuna vifaa vya mazoezini, kuna KinaTrax, mfumo wa kamera unaochora mwendo wa mwili wa mrushaji bila kumbandika kitu chochote (Sony hiyohiyo iliinunua kampuni hiyo mwaka 2024), kuna ripoti za maskauti. Ghala hilo halifunguliwi kwa mtu yeyote, na kisa kimoja kinaonyesha thamani yake. Chris Correa, ofisa wa St. Louis Cardinals, aliingia kwa wizi katika mfumo wa Houston Astros ulioitwa Ground Control, akasoma tathmini za wachezaji na mazungumzo ya kubadilishana wachezaji. Julai 2016 alihukumiwa kifungo cha miezi 46. Januari 2017 ligi ikamfungia maisha, na Cardinals wakaamriwa kuwapa Astros dola milioni 2 pamoja na nafasi zao mbili za juu katika uchaguzi wa chipukizi wa mwaka huo.

Sheria inasemaje? Hapa watu wengi hukosea, nami nilikosea kwa muda mrefu. Nilidhani ligi "inamiliki" takwimu. Mahakama za Marekani hazikwenda huko. Mwaka 1997, ligi ya kikapu NBA ilipoishitaki Motorola kwa kutuma matokeo ya mechi zikiwa zinaendelea kwenye vifaa vidogo vya mfukoni, mahakama ya rufaa ya New York ilisema matokeo ni ukweli wa jambo lililotokea, na NBA haiwezi kumzuia mwingine kuutangaza. Mwaka 2007, katika kesi ya kampuni ya C.B.C. dhidi ya kitengo cha mtandao cha MLB, mahakama ya rufaa ya St. Louis iliamua kwamba michezo ya kubuni timu, ile ya fantasy, inaweza kutumia majina na takwimu za wachezaji bila leseni. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kulisikiliza tena suala hilo.

Kwa hiyo kwamba fulani alirusha mpira wa maili 98 kwa saa, yaani kilomita 158 hivi, ni habari ambayo yeyote anaweza kuisema. Lakini nani aliipima? Mwenye nguzo iliyofungwa kamera. Nani anaihifadhi? Mwenye seva. Nani ameweka masharti mlangoni? Huyohuyo. Umiliki wa data hizi uko kwenye uwanja, kwenye chombo na kwenye mkataba. Ukilishika hilo, ulinganisho wote unaofuata utakuwa mwepesi.

Baseball Savant: sahani iliyojaa, kwa hisani

Tovuti ya Baseball Savant ilianzishwa na Daren Willman kwa mapenzi yake, kisha ligi ikamwajiri pamoja na tovuti yake. Leo ndiyo dirisha rasmi la Statcast. Hulipi, hujisajili. Unachagua mrushaji, mwaka, aina ya mrusho, unapakua faili la CSV, yaani jedwali linalofunguka hata kwenye Excel, lenye safu zaidi ya 90 kwa kila mrusho. Mirusho ya kabla ya Statcast ipo pia kuanzia 2008. Wanaoandika programu kwa lugha ya Python hutumia kifurushi cha pybaseball, na wa lugha ya R hutumia baseballr. Vyote viwili ni bure na vinakuvutia data moja kwa moja.

Niseme wazi kwamba sijaona mchezo mwingine mkubwa unaowapa watu wa kawaida kiasi hiki. Kwa mfano, kila mrusho una vigezo tisa: mahali mpira ulipo katika pande tatu, kasi yake katika pande hizo, na mchapuko wake. Ukiwa na vigezo hivyo na fizikia ya kidato cha nne unaweza kuchora upya njia yote ya mpira kutoka mkononi hadi kwa mdakaji, yule anayeupokea nyuma ya mpigaji. Mimi nilielewa maana ya mchapuko kwa mara ya kwanza hapo, baada ya kuukariri shuleni miaka minne. Mei 2024 wakaongeza kasi ya gongo na urefu wa mzunguko wake, na mwaka huohuo pembe ya mkono wa mrushaji.

Sasa tazama vizuri kilichoongezwa. Pembe ya mkono imetokana na data za maungo. Maungo yenyewe hayakutolewa. Kasi ya kukimbia ya mchezaji imetokana na mahali alipokuwa katika kila fremu, fremu hazikutolewa. Tunapewa jibu, hesabu inabaki jikoni. Ukitaka kuhakiki namna walivyokokotoa uwezo wa mlinzi wa uwanja wa nje kuufikia mpira, unasoma maelezo yao na kuamini.

Na kuna masharti. Tangazo la haki ambalo kitengo cha mtandao cha MLB kiliambatanisha na data za Gameday, huduma yake ya kufuatilia mechi mtandaoni, linaruhusu matumizi binafsi, yasiyo ya kibiashara na yasiyo ya jumlajumla. Watafiti, waandishi na wapenzi wengi wamepakua misimu mizima kwa miaka bila kusumbuliwa, maana ligi inajua inafaidika. Hiyo ndiyo ninayoiita hisani. Mwenye nyumba ameacha mlango wazi na anatabasamu ukiingia, lakini hajakuandikia hati.

Historia ya mlango huo inafundisha. Mfumo uliotangulia, PITCHf/x wa kampuni ya Sportvision, ulionekana kwanza katika mechi za mtoano za 2006. Namba zake zilikuwa zinawekwa kwenye seva ya Gameday katika mafaili ya XML, ili mchoro wa mechi mtandaoni ufanye kazi. Wapenzi wakayagundua, wakaanza kuyavuna, na ligi ikawaachia. Wanafizikia kama Alan Nathan wa Chuo Kikuu cha Illinois wakapata maabara ya bure. Mwaka 2011 Mike Fast alitumia data hizo kukadiria thamani ya mdakaji anayejua kuupokea mpira kwa utulivu hadi mwamuzi akauita straiki, yaani mrusho unaohesabiwa dhidi ya mpigaji. Kazi hiyo ilibadilisha namna klabu zinavyowathamini wadakaji. Na yeye? Houston Astros wakamwajiri, na yote aliyogundua baada ya hapo yakabaki ndani ya klabu.

Wakati huohuo ndugu wawili wa PITCHf/x walikuwa na bahati tofauti. HITf/x, iliyopima mpira uliopigwa, ilitoa kwa umma mwezi mmoja tu, Aprili 2009. FIELDf/x, ya kufuatilia walinzi, umma haukuipata. Teknolojia ileile, kampuni ileile. Mmoja alifunguliwa, mwingine akaonjeshwa, wa tatu akafungiwa, na aliyeamua ni mwenye chombo.

Jambo jingine la kuangalia kabla hujajenga chochote juu ya Savant: chombo kikibadilika, namba zinabadilika. Mwaka 2017 ligi ilipoacha PITCHf/x, iliyokuwa bado ikipima kasi ya mirusho, na kuchukua kipimo cha TrackMan, kasi ya mrusho ilianza kusomwa mpira unapotoka mkononi, badala ya sehemu fulani mbele ya hapo. Mpira unapungua kasi angani, kwa hiyo warushaji wengi "walipata" kasi mpya bila kufanya lolote. Savant imezirekebisha kasi za kabla ya 2017, lakini kwa makadirio tu; asiyejua hilo akichora mstari wa 2015 hadi 2018 anaweza kuandika habari ya uongo kwa nia njema.

Retrosheet na Lahman: sahani ndogo, hati mkononi

Mwaka 1984 Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli, aliwaita mashabiki wajikusanye waandike wenyewe kila tukio la kila mechi, mradi ulioitwa Project Scoresheet, kwa sababu kampuni iliyokuwa na kumbukumbu rasmi, Elias Sports Bureau, haikuzitoa kwa umma. Watu wa kujitolea, kalamu mkononi, mbele ya redio na televisheni. Mwaka 1989 David Smith, mwalimu wa baiolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, akaanzisha Retrosheet kuzirudisha pia mechi za zamani, kwa kukusanya karatasi za matokeo kutoka klabu, magazeti na makabati ya watu. Leo wana mechi za zaidi ya miaka 100, nyingi zikiwa tukio kwa tukio.

Hawana kasi ya mpira. Hawana mizunguko wala pembe. Kwa mtu aliyezoea Savant ni kama kutoka kwenye video kwenda kwenye barua. Lakini soma sharti lao: tumia utakavyo, uza, gawa, tengeneza bidhaa ya biashara, wanachodai ni tangazo lao la chanzo lionekane pale unapotumia. Sharti hilo moja tu. Ukishapakua mafaili yao, hakuna anayeweza kukupigia simu.

Sean Lahman naye alianza miaka ya 1990 kuweka mtandaoni jedwali la takwimu za wachezaji na timu, mwaka kwa mwaka, tangu 1871. Data zake zimekuwa zikitolewa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu matumizi mradi utaje chanzo na ugawe kwa masharti yaleyale. Faili ni dogo, bando la siku moja linatosha na chenji inabaki. Kama unafundisha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, anza na Lahman. Nimefanya hivyo mara tatu na kila mara somo limekaa.

Nakiri naipenda Retrosheet kuliko zote. Ni kazi ya watu waliokataa kungoja kupewa.

Kununua: Sportradar na wenzake

Hapa nitapita haraka kwa sababu wasomaji wengi hawatafika. Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria iliyokuwa inazuia majimbo kuruhusu kubeti kwenye michezo. Data za papo hapo zikawa dhahabu, na mwaka 2019 MLB ikaipa Sportradar, kampuni ya data za michezo ya Uswisi, haki ya kusambaza data zake rasmi. Unacholipia ni vitu vitatu: upesi wa sekunde, uhakika kwamba data hazitakatika katikati ya mechi, na karatasi yenye saini inayokuruhusu kufanya biashara. Bei hujadiliwa na kila mteja. Kama huna mteja anayekulipa tayari, huhitaji njia hii. Kama unaye, usijaribu kuikwepa kwa kuvuna Savant usiku; ukikua utaonekana, na siku hiyo hisani inaisha.

Wapo pia wa katikati, FanGraphs na Baseball Reference, wanaopanga vizuri data za wengine na kuongeza vipimo vyao. Kusoma ni bure. Kupakua kwa wingi na zana za utafutaji wa kina huhitaji uanachama. Kwa mwandishi wa habari anayetaka jibu ndani ya dakika tano, wanatosha kabisa.

Mashine yako: TrackMan, Rapsodo na swali la dada

Rapsodo ni kifaa cha kubebeka unachokiweka mbele ya mrushaji au mpigaji. TrackMan ya viwanjani ni ghali zaidi na vyuo vikuu vingi vya Marekani wanayo. Vyote viwili hupima vizuri kuliko jicho la kocha yeyote. Tofauti kwako haitokani sana na usahihi wa kifaa. Inatokana na jina lililoandikwa kwenye akaunti. Data huingia katika akaunti ya aliyenunua kifaa, yaani kituo, chuo au klabu, na mrushaji ni jina tu ndani ya akaunti hiyo. Mkataba wa kituo ndio unaoamua kama jina hilo lina haki ya kuondoka na historia yake.

Ndiyo maana nasema aliyelipia saa moja bila kuuliza swali la faili amenunua karatasi. Simlaumu dada. Nani angewaza?

Kwa wanaotaka kujifunza mwendo wa mwili wenyewe, ile sehemu ambayo ligi imeifungia kabisa, kuna mwanga mmoja. Kituo cha Driveline Baseball cha jimbo la Washington kilitoa hadharani mradi wa OpenBiomechanics: data za kunasa mwendo wa warushaji na wapigaji halisi, bila majina yao, kwa leseni isiyoruhusu matumizi ya kibiashara. Ni wachezaji wachache ukilinganisha na ligi nzima, tena waliopimwa maabara na si kwenye mechi. Lakini unapata kiwiko chenyewe, bega lenyewe, fremu kwa fremu. Mwanafunzi wa tiba ya viungo pale Muhimbili au Moi anaweza kuandika tasnifu nzima juu yake bila kumwomba mtu wa Marekani ruhusa.

Mwenye mkono anapata nini?

Mkataba wa hali bora kati ya ligi na chama cha wachezaji, MLBPA, ulioanza kutumika 2017, uliingiza vifungu vya vifaa vya kuvaa: mikono ya kupimia kiwiko, mikanda ya moyo, saa za kupima usingizi. Kuvaa ni hiari. Klabu lazima ieleze kwa maandishi inapima nini na kwa nini. Mchezaji anaona data zake, zinatunzwa kwa siri, na haziruhusiwi kufanyiwa biashara. Ni ulinzi mzuri, na ulipatikana kwa sababu wachezaji wana chama chenye nguvu.

Lakini kifaa cha kuvaa unaweza kukikataa. Kamera za juu ya paa huzikatai. Ukiingia uwanjani umeshapimwa, na data zinazotoka kwenye maungo yako zinaweza kuiambia klabu kwamba bega lako limeanza kushuka kabla wewe mwenyewe hujahisi maumivu. Kisha klabu hiyohiyo inakaa na wakala wako mezani kujadili mshahara. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndilo linalonikera kuliko yote: katika ngazi yote niliyoeleza, anayezalisha data ndiye mwenye sauti ndogo zaidi juu ya zinapokwenda. Mkataba wa sasa unafika mwisho tarehe 1 Desemba 2026, na ningekuwa mchezaji ningeulizia maungo yangu kabla ya kuulizia nyongeza.

Ukishuka ligi ndogo giza linaongezeka. Data za Triple-A, daraja moja chini ya ligi kuu, zinaonekana Savant kwa viwanja vyote tangu 2023, na za Florida State League tangu 2021, kwa kuwa huko ndiko mfumo wa kuita straiki kwa kamera ulikojaribiwa kabla ya kuingia ligi kuu msimu wa 2026 kwa njia ya rufaa, yaani wachezaji kupinga uamuzi wa mwamuzi. Zaidi ya hapo, umma hauoni mengi. Sasa fikiria vijana wa Uganda, nchi iliyopeleka timu ya Lugazi kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, mwaka 2012, na ambayo vijana wake wawili walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Kijana wa namna hiyo huanzia ligi za awali kabisa, Jamhuri ya Dominika au Arizona. Klabu yake inapima kila mrusho. Ndugu zake Kampala hawaoni hata mmoja, na akiachwa huondoka na alichokariri kichwani.

Basi uchukue ipi

Mwanafunzi wa takwimu au programu: Lahman wiki ya kwanza, Savant baada ya hapo. Pakua msimu mmoja mzima kwa vipande vya siku chache chache, uhifadhi nakala kwenye kompyuta yako, na uandike tarehe uliyopakua. Wakati mwingine ligi hurekebisha aina za mirusho baadaye, na bila tarehe utashindwa kueleza kwa nini hesabu yako ya Machi haifanani na ya Juni.

Mwandishi wa michezo: Savant na FanGraphs, lakini usilinganishe kasi za kabla na baada ya 2017 bila maelezo, na usiandike "sayansi imethibitisha" kwa kipimo ambacho ghafi yake hujaiona.

Mwenye wazo la bidhaa: kama unaweza kulitimiza kwa Retrosheet, litimize kwa Retrosheet, hata kama litapungua mvuto. Nimewaona vijana wawili wenye akili sana wakijenga programu nzuri juu ya data za hisani, na siku mwekezaji alipouliza "leseni iko wapi?" hawakuwa na la kuonyesha. Kama bidhaa haiishi bila kasi ya mpira, weka gharama ya leseni kwenye mpango wako tangu ukurasa wa kwanza.

Mtafiti wa mwili na majeraha: OpenBiomechanics, na uandikie vituo binafsi. Klabu usizipotezee muda.

Mzazi: usinunue kifaa mwaka wa kwanza. Tafuta kituo, na kabla ya kulipa uliza mambo matatu, ukitaka jibu kwa barua pepe. Nitapewa faili la CSV la kila mrusho? Jina la mtoto linaweza kuhamishwa kwenda akaunti nyingine? Mtamwonyesha nani mwingine data zake, mathalani maskauti, na mtaniomba kwanza? Mtoto ana miaka 16, na mzazi ndiye anayeweka saini.

Dada aliyatuma maswali hayo vituo vitatu. Kimoja hakikujibu. Kingine kilisema faili linapatikana kwa ada ya juu. Cha tatu, kidogo kuliko vyote, kwenye ghala la zamani nyuma ya duka la matairi, mwenyewe alijibu usiku uleule: "Ndiyo, ndiyo, na hatumwonyeshi mtu." Jumamosi iliyopita nilipokea faili la mistari 38. Mrusho wa 31 umezunguka tofauti na mingine yote, na mpwa wangu anasema anakumbuka ule, vidole viliteleza. Tumeanza hapo.